Fromaji zaidi ya sitini zilivimba kabla sijajua napigana na bakteria gani

Fromaji, yaani jibini, ya kwanza kuvimba niliiona Jumanne asubuhi, mwezi wa kumi na moja 2019. Jana yake nilikuwa nimeitoa kwenye maji ya chumvi ikiwa bapa, ngumu, ya kupendeza. Sasa ilikuwa imetuna katikati kama mkate ulioumuka, na nilipoigonga kwa kidole ikalia kama ngoma. Nikaikata. Ndani mlikuwa vitobo vidogo vidogo, mamia, kama sponji, na harufu ya zizi. Nne nyingine za siku ile zilikuwa hivyo hivyo. Fromaji tano, maziwa lita 120, zaidi ya dola 60 za maziwa peke yake, kabla hujahesabu makala (makaa ya kupikia), prezure (dawa ya kugandisha maziwa) na nauli ya motari, mwenye pikipiki.

Naandika kwa sababu karibu kila mwezi mtu ananipigia simu kuuliza habari za "unga wa mayai unaozuia fromaji kuvimba". Wengine wako hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wengine Masisi milimani, wawili walikuwa Bukavu. Swali lao la kwanza ni bei. Mimi pia nilianza na bei, na nilipoteza fromaji zaidi ya 60 na karibu mtoto wa jirani.

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa fromaji ya Masisi. Ufundi uliletwa na mapadre wa Kibelgiji, ukabaki mikononi mwa wafugaji wa milimani, na kwa miaka mingi mgeni wa Kinshasa alikuwa hapandi ndege bila mbili tatu kwenye mfuko. Wengi hutengenezea kule kule malishoni. Mimi nilijifunza miezi mitatu kwa mzee mmoja wa Mushaki, kisha nikataka kutengenezea nyumbani kwangu Mabanga, mjini Goma, karibu na wanunuzi. Zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupokezana, ilipofika, nikaweka dola 1,400: sufuria mbili kubwa, kalibu za mbao za kuumbia fromaji, rafu, ndoo za maji ya chumvi. Maziwa yalitoka milimani juu ya mji wa Sake, yakishuka kwa pikipiki kila asubuhi, karibu yote kwenye mabidoni, madumu ya njano yale yale yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Shika hapo kwenye mabidoni. Mimi sikushika.

Baada ya zile tano zikaja tatu, kisha wiki mbili nzuri, kisha tano tena. Mzee wangu wa Mushaki alisema kwa simu, "Maziwa yako ni machafu." Nilikasirika. Sufuria zangu zilikuwa zinang'aa, sakafu nilikuwa naiosha mara mbili kwa siku. Nikaona mzee hataki mshindani mjini.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu. Nikakuta kwamba ute mweupe wa yai una protini inayoitwa lisozimu, nayo hupasua bakteria. Nikasoma kwamba Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, miaka sita kabla ya kuiona penisilini, akianzia kwenye kamasi ya mtu mwenye mafua, na kwamba iko pia kwenye machozi, mate na maziwa ya mama, ila ute wa yai una nyingi sana. Nikasoma kwamba watengenezaji wa fromaji Ulaya huitia kwenye maziwa ili fromaji zisivimbe. Neno hilo, kuvimba, ndilo nililoliona. Sentensi iliyofuata ilieleza kuvimba kwa namna gani. Sikuisoma.

Kesho yake nilivunja mayai sita, nikatenga ute, nikauchuja kwa kitambaa, nikaumimina kwenye maziwa ya lita 120. Mgando ulikuwa laini, haukukatika vizuri, maji yaliyotoka yalikuwa meupe badala ya kijani chepesi. Siku ya pili fromaji zikavimba. Nilirudia siku mbili zaidi, nikifikiri labda sikukoroga vya kutosha.

Baadaye mtu alinifanyia hesabu, na naiweka hapa ili asiwepo mwingine wa kuvunja mayai yake. Ute wa yai moja una lisozimu kama sehemu moja ya kumi ya gramu, au kidogo zaidi. Kipimo kinachotumika kwenye fromaji ni karibu gramu mbili na nusu kwa lita 100. Kwa lita zangu 120 ningehitaji gramu tatu, yaani mayai yapata 26 kila siku. Na pamoja na lisozimu ningekuwa nimemwaga humo protini nyingine zote za ute, kwa sababu lisozimu ni kama sehemu tatu na nusu tu katika mia ya protini za ute. Zaidi ya nusu ni ovalbumini, isiyopasua bakteria yeyote. Tena yai bichi lenyewe huweza kuleta salmonela, bakteria wa kuharisha. Nilikuwa natia mlinzi mmoja na wageni ishirini na wanane, na sikujua kama kati yao hamna mwizi.

Sasa sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuiandika.

Kati ya fromaji za mayai, mbili zilikuwa zimevimba kidogo tu. Sikutaka kuzitupa. Nilizikata vipande nikauza bei ya chini pale mtaani. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mtoto wa kiume, wakati ule alikuwa na miaka mitano. Jioni nilisikia mama yake analia kwenye mlango wangu, amembeba. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, mwili una mabaka, ametapika, na pumzi inatoka na sauti ya filimbi.

"Mama Neema, niambie kweli. Ulitia yai?"

Nilisema hapana. Nilisema kabla hata sijafikiri. Halafu nikamwangalia mtoto, nikasema ndiyo, nilitia yai, twende.

Alikuwa anajua tangu mtoto akiwa mdogo kwamba yai linamdhuru. Hampi yai, hampi keki, hampi mkate wa sherehe. Fromaji alimpa kwa sababu fromaji ni maziwa na chumvi, na alikuwa amezinunua kwangu. Kwenye kituo cha afya, jambo la kwanza muuguzi aliuliza ni amekula nini, na kwa vile niliweza kumjibu mara moja, walijua cha kufanya. Mtoto alilala pale usiku mmoja. Nililipa dola 43. Ile "hapana" yangu ya mwanzo haina bei, na mama yule aliisikia.

Ukitia chochote chenye yai kwenye chakula ambacho watu hawategemei yai, mwambie kila mnunuzi, kwa mdomo na kwa maandishi. Hili halingoji uwe na biashara kubwa wala karatasi za serikali.

Mayai niliacha. Lakini sikuacha lile wazo. Nilijiambia kwamba kosa lilikuwa kutumia yai zima, na kwamba dawa yenyewe, ile iliyosafishwa, haitakuwa na shida. Mwezi wa kwanza 2020 mfanyabiashara mmoja aliniletea kutoka Kampala gramu 250 za unga mweupe, lisozimu ya ute wa yai, kwa dola 95. Kidogo nikose ada ya shule ya mtoto wa pili. Kwa kipimo cha gramu tatu kwa siku, ungenitosha karibu miezi mitatu.

Fromaji zikavimba. Siku ya pili, siku ya tatu, kama kawaida.

Nilimpigia yule mfanyabiashara nikamwita mwizi. Nilimwambia ameniuzia unga wa mihogo. Alijibu kwa upole kwamba kopo lilikuwa na muhuri na mimi ndiye niliyelifungua. Niliendelea kutia unga kwa wiki tano, nikiongeza kipimo mara mbili, mara tatu. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kwamba dola 95 zilikuwa zimeshatoka mfukoni, na sikuweza kukubali kwamba zimekwenda bure.

Mwezi wa tatu mwaka ule serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Furaha, mtoto wa dada yangu aliyekuwa anasoma biolojia Bukavu, alivuka ziwa kwa mashua akaja kukaa kwangu. Siku ya pili alinikuta nakata fromaji iliyovimba ili niipe kuku. Akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza kwa miezi mitano.

"Mama mdogo, zinavimba siku ya ngapi?"

"Ya pili. Ya tatu."

"Hakuna hata moja iliyovimba baada ya mwezi?"

"Hazifiki mwezi, mwanangu."

"Basi unga wako hauna kosa. Unampiga asiyekuwepo."

Alichukua glasi nne, akaziosha kwa maji yanayochemka, akatia kwenye kila moja maziwa ya chombo tofauti, akazifunika, akaziweka ndani ya beseni la maji ya vuguvugu lililofungwa blanketi, kwenye joto linalokaribia la mwili wa mtu. Kabla ya kulala tulibadilisha maji. Asubuhi glasi moja ilikuwa imeganda laini kama maziwa ya mtindi, bila kitobo. Tatu zilikuwa zimepasuka ndani, mgando umejaa mapovu na umesukumwa juu na hewa. Ile nzuri ilitoka kwa mfugaji mmoja tu, anayeleta maziwa yake kwenye chombo cha alumini chenye mdomo mpana.

Kipimo hiki hakina gharama. Kingekuwa cha kwanza, ningeokoa dola zaidi ya 700. Kama una fromaji zinazovimba, leo usiku fanya hicho kabla hujanunua chochote.

Furaha alikuwa amefanya staji, mazoezi ya kazi, kwenye maabara moja ya mifugo hapa mjini, akaomba aruhusiwe kuotesha vijidudu vya zile glasi mbaya. Baada ya siku mbili alinipeleka nione. Alitia tone la maji ya potasi kali (hidroksidi ya potasiamu) kwenye kioo, kiwango cha sehemu tatu katika mia, akachota kidogo ya kile kilichoota, akakorogea humo kama nusu dakika, kisha akainua ncha ya kijiti polepole. Uzi ukafuata. Ukavutika mrefu kama mlenda wa dongodongo, yaani bamia. Akafanya hivyo hivyo kwa bakteria wazuri wa kuchachusha ninaowatumia kutengenezea fromaji: wakabaki maji, hakuna uzi.

Pale ndipo nilipoelewa, na nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa mawe ya mji wetu.

Bakteria wamegawanyika makundi mawili makubwa, kufuatana na rangi ambayo daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aliwapaka mwaka 1884. Wa kundi la kwanza, Gram chanya, ni kama kiwanja kilichozungushiwa ukuta mnene wa mawe ya volkano, ukuta uko nje, unaugusa kwa mkono. Mawe ya ukuta huo ni sukari za aina mbili zilizopangwa kwa zamu, zikishikana kama mawe na saruji. Kazi kubwa ya lisozimu ni moja: kukata kiungo kati ya sukari moja na nyingine. Ikikata viungo vya kutosha, ukuta unalegea, na kwa kuwa ndani ya bakteria mna msukumo mkubwa, anapasuka. Tena lisozimu ina chaji chanya na ngozi ya bakteria ina chaji hasi, kwa hiyo inavutwa kwake yenyewe.

Kundi la pili, Gram hasi, ni kama nyumba zetu za mbao zilizofunikwa turubai. Ukuta upo, ni ule ule wa sukari, lakini ni mwembamba na uko chini. Juu yake umetandazwa utando wa mafuta, umekazwa kwa madini ya kalsiamu na magnesiamu kama turubai lililofungwa kwa misumari. Lisozimu inafika, inakuta turubai, inabaki nje. Haina la kukata. Koliformu, vijidudu vya mavi ya ng'ombe na maji machafu, E. koli akiwa mmoja wao, wote wako kundi hili. Ule uzi wa mlenda ulitokea kwa sababu potasi ililichana turubai, vya ndani vikamwagika. Na koliformu ndio hao wanaovimbisha fromaji ndani ya siku mbili, kwa kula sukari ya maziwa na kutoa hewa.

Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nikigonga turubai kwa patasi ya mwashi.

Jioni nilimpigia mfanyabiashara wa unga nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama nahitaji kopo jingine. Nilimwambia hapana, bado ninalo.

Furaha aliendelea kunisimulia maziwa siku nyingi, tukiwa tunaosha vyombo. Jambo lililonigusa kuliko yote, mimi niliyenyonyesha wanne, ni kwamba maziwa ya mama yana protini mbili zinazosaidiana. Kuna lisozimu, na kuna laktoferini. Laktoferini kwanza huficha chuma, na bakteria wengi bila chuma hawakui. Ute wa yai nao una ndugu yake, ovotransferini: mwaka 1944 Schade na Caroline walionyesha kwamba ute mbichi huzuia vijidudu vya kuhara damu kukua, na kwamba ukiongeza chuma, kizuizi kinaondoka. Lakini laktoferini ina kazi ya pili. Huenda kwenye lile turubai la Gram hasi, ikang'oa sehemu za mafuta zilizolishikilia. Turubai likitoboka, lisozimu iliyokuwa imesimama nje inaingia na kufika kwenye ukuta. Peke yake kila moja ina mpaka, zikiwa pamoja zinavuka.

Maziwa ya ng'ombe yana laktoferini kidogo mno yakilinganishwa na ya mama. Ya mama aliyejifungua miezi iliyopita yana gramu moja au mbili kwa lita, ya siku za kwanza yanazidi gramu tano. Ya ng'ombe ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu, mara nyingi chini ya hapo. Na lisozimu katika maziwa ya ng'ombe karibu haipo. Ng'ombe amejaliwa silaha nyingine, protini inayoitwa laktoperoksidesi, ambayo ikipata tiosianeti na haidrojeni peroksidi hutengeneza kitu kinachowachelewesha bakteria, hata wa turubai. Ndiyo maana maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa chache bila kuharibika, kisha ulinzi unaisha. Kodeksi, ile kanuni ya kimataifa ya vyakula, ilitoa mwaka 1991 mwongozo wa kuiamsha protini hiyo kwa vipimo vidogo vya hizo kemikali mbili, mahali ambapo hakuna ubaridi: kwenye joto la nyuzi 30 hurefusha maisha ya maziwa kwa saa saba hadi nane. Nilitamani sana kuijaribu. Furaha alinikataza kwa sababu mbili: kazi hiyo inataka mtu aliyefunzwa, na maziwa yaliyoamshwa hivyo huwachelewesha pia bakteria wangu wazuri, fromaji isichachuke inavyotakiwa. Kwa anayeuza maziwa ya kunywa mbali na umeme ni habari nyingine.

Kilichobaki kilikuwa mabidoni.

Nilipanda hadi juu ya Sake kumwona Papa Bahati, aliyekuwa ananiletea nusu ya maziwa yangu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akanionyesha anavyoosha bidoni: maji ya mto, mchanga kidogo, anatikisa, anamwaga. Mkono wa mtu hauingii kwenye mdomo wa bidoni ya njano. Nilichana moja kwa kisu mbele yake. Ndani, kwenye pembe za chini na chini ya mshikio, kulikuwa na utando wa manjano wenye ute, kama uliopakwa kwa kidole. Hatukusema kitu, yeye wala mimi. Kisha akaita vijana wake waje waone.

Nilinunua vyombo viwili vya alumini vilivyotumika, dola 110 vyote, nikamkopesha, akakatwa kidogo kidogo kwenye maziwa. Tulikubaliana mambo machache: kuosha chuchu na kuzifuta kwa kitambaa kikavu, michirizi ya kwanza imwagwe chini, chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kisha kiinamishwe juani, na motari aondoke alfajiri, asisubiri mteja wa pili pale Sake. Maziwa ambayo glasi yake haina mapovu niliyalipa franka 100 zaidi kwa lita. Hiyo franka 100 ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Wafugaji wawili walianza kupima glasi wenyewe huko juu.

Nilianza pia kupasha maziwa joto, nyuzi 63 kwa nusu saa, kisha kuyapoza hadi 32 kabla ya kutia bakteria wazuri na prezure. Najua wengi hawapendi. Wanasema fromaji ya Masisi ni ya maziwa mabichi na ladha yake iko hapo. Ladha inapungua kidogo, nakubali. Gunia la makala nalo lina bei, na mgando unalegea mpaka uongeze kloridi ya kalsiamu kidogo. Lakini mimi nauza kwa watu wenye watoto, na nilishabeba mtoto mmoja kwenda kituo cha afya. Kipimajoto changu kilinigharimu dola 12, na ndicho kifaa nisichomwazima mtu.

Tangu mwezi wa nane 2020 kuvimba kwa siku mbili kukaisha. Sikutia unga hata chembe. Kopo likakaa juu ya kabati na unga uliobaki.

Mwezi wa kwanza 2021, fromaji za wiki sita, za kuuza kwa hoteli, zikaanza kupasuka. Taratibu. Kwanza zinatuna kidogo, kisha ufa unatokea katikati, na ukikata unakuta matundu makubwa na harufu ya siagi iliyooza. Moyo wangu ulianguka. Nikafikiri ni Papa Bahati. Glasi zake zilikuwa safi. Nikampigia Furaha, aliyekuwa amerudi Bukavu, na safari hii nilijua kueleza: siku ya ngapi, matundu ya ukubwa gani, harufu gani.

"Hao ndio," alisema. "Hao ndio wa unga wako, Mama mdogo."

Ni klostridiamu. Hukaa kwenye udongo na mavi, na majira ya mvua, ng'ombe wakilala kwenye matope, huingia kwenye maziwa wakiwa spora, mbegu iliyojifunga. Nyuzi 63 haziui spora. Inakaa ndani ya fromaji wiki nyingi, kisha inaamka, inakula asidi ya fromaji, inatoa hewa. Lakini klostridiamu ni Gram chanya. Ukuta wake uko nje, hauna turubai. Spora ikiwa imelala lisozimu haiiwezi. Inapochipua ndipo inapokutana na patasi. Na patasi inamngoja pale pale, kwa sababu lisozimu yenye chaji chanya hushikamana na kaseini, protini kubwa ya maziwa iliyo na chaji hasi, ikabaki karibu yote ndani ya fromaji badala ya kutoka na maji. Kitu kile kile kilichonishinda mwaka uliopita ndicho kilichotakiwa hapa.

Tangu katikati ya mwezi wa tatu nilitengeneza fromaji za kukomaa kwa namna mbili, nyingine na lisozimu, nyingine bila, za maziwa yale yale. Safari hii nilipima gramu mbili na nusu kwa lita 100, nikayeyusha kwanza kwenye maji safi ya vuguvugu, nikatia kabla ya prezure na kukoroga vizuri. Mwaka uliopita nilikuwa nanyunyiza unga mkavu juu ya maziwa, ukishikana mabonge. Zenye lisozimu nilizifunga uzi mwekundu.

Tarehe 22 mwezi wa tano Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulilipuka. Tarehe 27 tukaambiwa tuondoke mjini. Nilifunga mlango nikiacha fromaji 38 kwenye rafu, nikaenda Sake kwa miguu na watoto, katikati ya watu wengi kuliko niliowahi kuona kwenye barabara ile. Tulilala kwa ndugu za Papa Bahati, yeye mwenyewe ndiye aliyetutafuta. Sikufikiria fromaji hata mara moja hadi siku ya tano au ya sita.

Tuliporudi mwezi wa sita, nyumba ilikuwa imesimama. Matetemeko yalikuwa yameangusha rafu ya juu. Fromaji zilikuwa sakafuni, nyingine zimeota ukungu wa kijani, panya wamezionja mbili. Nilikaa chini nikazipanga. Zisizo na uzi zilikuwa 18: saba zilikuwa zimepasuka. Zenye uzi mwekundu zilikuwa 20: hakuna iliyopasuka. Najua rafu moja ya mama mmoja si utafiti. Lakini nilizishika moja moja kwa mikono yangu, na nililia.

Leo natia lisozimu majira ya mvua tu, na kwenye fromaji za kukomaa tu. Zinazouzwa kabla ya wiki tatu hazihitaji, na kuzitilia ni kutupa makuta. Kabla ya kubadilisha aina ya bakteria wa kuchachusha, naulizia kwanza, maana nao ni wa ukuta wa nje, na baadhi yao lisozimu huwadhoofisha. Kila fromaji yenye uzi mwekundu inauzwa na karatasi: *Ina protini ya yai.* Maana nilijidanganya nilipodhani unga uliosafishwa hauna shida. Lisozimu yenyewe ni mojawapo ya protini za yai zinazowadhuru wenye mzio. Wateja wawili wa hoteli walilalamika kwamba karatasi inatisha wageni. Mmoja aliacha kununua. Karatasi imebaki.

Mama wa nyumba ya tatu hakununua kwangu kwa karibu miaka miwili, nami sikumsogelea na maneno. Siku moja mwaka 2021, baada ya watu kurudi, alipita akaona fromaji za uzi na zisizo za uzi, akauliza uzi ni wa nini. Nilimweleza yote, kuanzia ukuta na turubai hadi zile mbili nilizokata vipande. Alisikiliza akiwa amesimama. Aliondoka bila kununua. Wiki iliyofuata alimtuma mtoto mwenyewe, amekuwa mrefu, ana franka mkononi, akasema, "Mama amesema ile isiyo na uzi."

Tangu hapo kila Ijumaa naweka moja kwenye rafu ya chini, na sufuria yake naiosha kabla ya nyingine zote.